Unga wa Tonton Fidèle

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka misa, umeme umekatika kama kawaida yake, na ninaandika haya kwenye simu nikiwa nimekaa karibu na mbabula, makaa bado yana moto. Mkono wangu wa kulia unaniuma kwenye vifundo. Ndio uliopiga glasi.

Nina furaha, na ni furaha mbaya. Nasema mapema, asije mtu akasoma hapa akitegemea nitamaliza kwa kulia.

Wewe shajara unamjua Papa, lakini najua wapo wengine wanaopita hapa kusoma, kwa hiyo nieleze. Papa yangu aliendesha lori miaka mingi kwenye barabara ya Minova. Sasa amepumzika, anaishi nami hapa Muhumba, mjini Bukavu. Ana presha, na ana moyo unaobana. Daktari alimpa vidonge vya presha vya kumeza kila siku, na kando yake kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi pale kifua kinapoanza kukaza. Mdogo wake, Tonton Fidèle, baba mmoja mama mmoja, ana moyo uleule na hubeba kidonge kilekile kwenye mfuko wa shati. Ni ugonjwa wa ukoo, tumegawana kama tulivyogawana pua.

Tonton Fidèle alikuwa akiuza vifuniko vya simu. Siku hizi anavaa koti jeupe.

Udaktari hakuusomea hata siku moja. Alipata mahali fulani, hataki kusema wapi, unga mwekundu uliofungwa katika vifuko vidogo, akaanza kuzunguka nao kwenye vikundi vya sala. Anasema ndani yake mna oksidi ya nitriki, hewa inayofungua mishipa. Watu wakaanza kumwita Docteur, naye akaanza kuitika.

Kinachonichoma ni kwamba hewa hiyo ipo kweli. Mimi nafundisha kemia na biolojia sekondari, naifahamu. Angekuwa anauza uongo mtupu, labda ningemcheka tu nikaendelea na shughuli zangu. Lakini alichukua kitu cha kweli, kitu ninachokipenda kabisa kukifundisha, akakitia mfukoni mwa lile koti lake.

Oksidi ya nitriki ni nitrojeni moja na oksijeni moja zimeshikana, basi. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu unaitengeneza wenyewe, na ikishatengenezwa haikai, inatoweka baada ya sekunde chache. Katika sekunde hizo inauambia msuli wa mshipa: legea. Mshipa unalegea, damu inapita, presha inashuka. Ubongo nao unaitumia, hata askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanaitumia. Mtu akizeeka, akivuta sigara, akikaa kwenye kiti kutwa, mishipa yake inaitengeneza kidogo zaidi. Wanafunzi wangu wanapenda somo hili kwa sababu naligeuza mchezo: mmoja anakuwa mshipa, mwingine anakuja kumtekenya.

Mwili pia unaipata kutoka kwenye majani. Lengalenga, ambayo watu wa pwani wanaiita mchicha, ina nitrati nyingi. Vijidudu vizuri vinavyokaa juu ya ulimi wetu vinaibadilisha, na mwili unamalizia kazi. Hapa kwetu tunachemsha lengalenga, tunamwaga maji, halafu ndipo tunaikaanga, na nitrati nyingi inakwenda na yale maji kwenye mfereji. Nimemwomba Shangazi, dada mkubwa wa Papa, aache kuyamwaga. Alinijibu kwamba yeye hakuzaliwa mbuzi.

Na kile kidonge cha chini ya ulimi nacho ni habari hiyohiyo. Kikiingia mwilini kinatoa oksidi ya nitriki, mishipa inalegea, moyo unapata nafuu. Kwa hiyo Papa alikuwa na dawa yake nzuri tayari, ya kweli, kutoka kwa daktari wa kweli.

Sasa sikiliza alichofanya ndugu yake.

Alimwambia Papa aache vidonge vya presha, kwamba unga wake unafanya kazi ileile bila kuchosha figo. Papa akaacha. Mtu akiambiwa na dalali wa sokoni ataulizauliza, lakini huyu ni mdogo wake, amembeba mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila akinywa ule unga uso ulimwiva, kichwa kilimgonga, pua ilimziba, na Tonton akamwambia hiyo ndiyo alama kwamba iko inafanya kazi. Mimi nilikuwa shuleni kutwa, Papa alinificha kwa sababu alijua ningepiga kelele.

Asubuhi moja alikunywa unga, akashuka barabarani kununua mkate, wakati wa kurudi kifua kikambana. Akaweka kidonge chini ya ulimi kama alivyofundishwa. Alianguka mbele ya geti na mkate mkononi.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye macho yaliyochoka. Aliomba nimletee kifuko cha ule unga. Alikigeuzageuza, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: «Bazee benye banakunywaka hii poudre, banaisifu juu ya nini?»

Nikakumbuka. Wanaume wa parokia wakicheka nje ya kanisa, wakisema ule unga unarudisha ujana, na wake zao wakiangalia viatu.

Daktari akatikisa kichwa. «Maman, mi siko na preuve, hapa hatuna machine ya kuipima. Lakini mingi ya hizi poudre banachanganyaka ndani dawa ya banaume, ile ya chumbani, na habaandike kwa mfuko. Ile dawa na kidonge cha chini ya ulimi, hata siku moja habikutane.»

Akanieleza, nami nikaelewa hata kabla hajamaliza, ndiyo maana nilikaa chini. Kidonge kinaleta amri ya kulegea. Dawa ya wanaume inazuia amri ile isifutwe. Zikikutana mishipa yote inalegea na hairudi, presha inaporomoka, ubongo unabaki bila damu. Papa amepona, namshukuru Mungu. Lakini mkono wake wa kushoto, ule aliokuwa akiushikia usukani akiwa ametoa kiwiko dirishani, hadi leo haushiki kikombe.

Tonton alikuja kumtazama hospitalini akiwa na koti lake. Alisali kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Kisha akawageukia, akawaambia kaka yake ameanguka kwa sababu hakumaliza dozi.

Tangu siku hiyo nimemchukia kwa utulivu kabisa. Nimemwaza nikisahihisha, nimemwaza nikiosha sahani, nimemwaza nikisali, hasa nikisali. Nilitaka avuliwe lile koti mbele ya watu walewale wanaomwita Docteur. Kumshitaki? Wapi, kwa nani, kwa ushahidi gani? Kugombana naye? Angesema mtoto wa kaka amekosa adabu, na wazee wote wangekuwa upande wake.

Basi nikafikiria desturi yetu.

Katika mji huu mtu hanywi kitu ambacho aliyekileta hajakionja. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Anayemimina kasiksi, ile bia yetu ya ndizi, anakunywa wa kwanza, ndipo anakupa. Hata ndugu kwa ndugu ni hivyo. Sababu tunaijua wote na hatupendi kuitaja mezani: karuho, sumu inayosemekana hufichwa chini ya ukucha. Tonton alikuwa ameikwepa desturi kwa sababu yeye hutoa vifuko vilivyofungwa, na kila mtu anajikorogea kwake. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa. Nikajiambia hawezi kunywa, maana ana moyo kama wa Papa na anajua kilichomo. Mezani ataombwa aonje, atakataa, na kukataa kwake kutasema yote kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nilimwalika, pamoja na ukoo na majirani wa parokia, chakula cha leo cha kumshukuru Mungu kwa uzima wa Papa. Nilimpigia kwa sauti tamu ambayo hata mimi sikuijua. «Tonton, ukuye na ile poudre, famille yote iione.» Alifurahi mno, maskini.

Leo amefika na mkewe, Maman Solange, chini ya mwavuli mmoja, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Nyumba yetu iko juu ya barabara na ngazi zake ni za kukata pumzi hata pasipo mvua. Amefika akihema. Amegeuka ukutani kama mtu anayefuta miwani, ametoa kitu kwenye mfuko wa shati, amekiweka chini ya ulimi. Nilikuwa nimeshika sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikitoka jikoni.

Niliona. Nikapeleka sahani mezani.

Tumekula vizuri. Bugali, sambaza, lengalenga iliyomwagwa maji. Halafu Tonton amesimama, amekoroga unga katika jagi kubwa mpaka maji yakawa mekundu na vidole vyake vikawa vyekundu, na amehutubia: «Grand frère aliangukaka sababu alikatisha dose. Angemaliza, saa hii angekuwa anapanda mulima kama kijana. Leo tunaanza upya, na tunakunywa bote.»

Sikuwa na haja ya kusema neno. Nilimtegemea Shangazi, dada yao mkubwa, ambaye desturi ikivunjwa mbele yake anaumwa. Amesukuma glasi tupu mpaka mbele ya Tonton. «Fidèle, tulikulelea wapi? Mwenye analeta njo anaonja.»

Na Tonton hakukataa.

Hilo sikulipanga. Amecheka, amejimiminia glasi mpaka juu. Amesema yeye hajawahi kuinywa kwa kuwa alijiona mzima, lakini leo kwa ajili ya kaka yake ataimaliza yote. Nimemtazama usoni nikatafuta hofu, sikuiona hata kidogo. Huyu mtu hajui anauza nini. Muda wote huu nimemchukia kama mtu mwerevu, na kumbe nilikuwa nampa sifa ambazo hana.

Je, hasira yangu ilipungua? Hata chembe. Mjinga aliyevaa koti la daktari amemwangusha Papa yangu vilevile.

Nitasema ukweli, maana nisiposema hapa sitausema popote. Nilijua ameweka kidonge chini ya ulimi. Nilijua kilicho katika glasi, au angalau nilijua kadiri daktari alivyojua. Alipoiinua nilinyamaza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikasema moyoni, acha na yeye auonje.

Kisha Papa akainua glasi yake kwa mkono mzima. «Kunywa, ndugu. Ukimaliza, unimiminie na miye.»

Hapo ndipo akili ilinirudia. Dawa ile haimwangushi mtu palepale, inahitaji muda kuingia katika damu. Tonton angemaliza glasi, angefuta mdomo, angetabasamu, na meza nzima ingeona kwamba unga ni safi. Papa angekunywa akifurahi. Mkono wangu umeruka kabla sijaupa ruhusa. Glasi imegonga ukuta, maji mekundu yamemwagika kwenye koti jeupe kuanzia kifuani hadi chini.

Shangazi amejishika mdomo, na jina la Mungu kwa lugha ya kwetu, kisha neno lile, yakatoka katikati ya vidole. «E Nyamuzinda. Karuho.»

Nani katika Bukavu anapiga glasi isifike mdomoni mwa mtu? Ni yule tu aliyeona kitu kikiwekwa ndani. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya mkono kuruka. Nimeona macho yote yakishuka kwenye vidole vya Tonton, vyekundu mpaka kwenye kucha, na yeye mwenyewe amevitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Viti vimerudi nyuma. Mama mmoja wa upande wa mlango ametema mate dirishani.

Nilikuwa na nafasi ya kueleza. Nina diploma, nina sauti ya darasani, ningeweza kusema neno kwa neno: hakuna sumu ya ukucha, kuna unga uliotiwa dawa, na kuna kidonge alichoweka chini ya ulimi. Papa amenipa nafasi hiyo mwenyewe. «Nabintu, mutoto yangu, uliona nini?»

Nimemjibu: «Papa, usiikunywe.»

Basi. Sentensi yangu ilikuwa ya kweli, na niliiacha ifanye kazi ya uongo.

Wameondoka kwenye mvua, na hakuna aliyewasindikiza. Hata adui tunamfikisha kwenye geti. Maman Solange ameteleza kwenye ngazi, amejiinua peke yake, na mimi nilikuwa dirishani nikitazama. Koti lile limeloa likawa la waridi. Nimeona raha ambayo sijaiona tangu Papa aanguke.

Alasiri simu zimekuwa zikilia. Habari imepita mtaani haraka kuliko mvua yenyewe. Wanaume wa parokia wanatupa vifuko mferejini, wengine wanakana kwamba waliwahi kuvinunua, na mmoja anasema tumbo limeanza kumkata. Nimesoma kila ujumbe. Nimechemsha chai nikausoma tena.

Halafu Maman Solange ametuma ujumbe wa sauti. Jirani amemrudishia sahani ya chakula aliyompelekea jana, bila kuigusa. Kwenye bomba la maji wamama wamesogeza madumu yao mbali na lake. Na vijana walikusanyika mbele ya geti, mmoja wao akataja moto. Chefu wa avenue, mkuu wa mtaa wao, amewatawanya, ameingia ndani, amekaa sebuleni kwao na amesema hatoki mpaka kukuche. Mwisho wa ile sauti anasema tu, «Nabintu, we unajua Fidèle. Sema kitu.»

Katika mkoa huu sote tunajua neno lile linafika wapi likiachwa litembee. Watu wamechomewa nyumba kwa neno lile.

Papa alikuwa amekaa hapa kando ya mbabula, amesikia yote. Nimemweleza mwishowe, kuanzia swali la daktari mpaka kidonge cha ukutani. Amesikiliza akiusugua ule mkono wa kushoto. Amesema: «Fidèle ni mujinga. Muuaji, apana.» Kisha amenitazama mpaka nikaondoa macho.

Kemia haitamwokoa. Naweza kusimama sokoni nikaeleza mishipa na amri ya kulegea mpaka sauti inikauke, watu watasema mwalimu amehongwa na mchawi. Mtu aliyeitwa mwenye karuho anasafishwa kwa njia moja tu ninayoijua: mwingine anywe kutoka mkononi mwake, mchana, watu wakiona. Na kwa kuwa ni mimi niliyepiga glasi, akinywa mtu mwingine yeyote watu watabaki na shaka.

Nimemwandikia Maman Solange. Kesho misa ya asubuhi itakapotoka, barabara ikijaa, nitakuja na Papa. Tonton atoke nje bila koti. Vifuko vyote avimwage mferejini yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na awaambie watu kwa sauti ya hutuba kwamba hajui kilichomo, na kwamba wenye presha warudie vidonge vyao. Akimaliza, anawe, anichotee maji kwenye glasi, aonje, anipe. Amejibu mara moja: «Aksanti, mutoto.»

Mvua imepungua. Kwao si mbali, ningeweza kwenda hata sasa, kabla giza halijaingia vizuri. Papa ameuliza mara mbili kama hatuwezi kwenda leo. Nimemwambia barabara ina utelezi, na ina utelezi kweli. Chefu yupo kwao, mlango umefungwa, hakuna atakayemgusa. Acha usiku huu akae na mkono ambao watu wanauogopa, autazame. Papa ameutazama wake usiku mwingi.

Maji yake nitayanywa mpaka chini ya glasi, mbele ya kila mtu. Kumsamehe sijamwahidi yeyote.

Kesho ni yake. Leo bado ni yangu.